Mahali pa Kulaza Gari la Meno

Bwawani, 3 Machi

Sista,

Nakuandikia nikiwa nimekalia kiti cha mgonjwa. Kile kile. Fundi alishindwa kukifungua, boliti zimegandana na sakafu, kwa hiyo nimekiacha na sasa ndiyo sebule yangu. Nikitaka kusoma nakiinua, nikitaka kupumzika nakilaza. Mkuu wetu wa idara angeniona angeniandikia onyo, na mimi ningelisoma nikiwa nimelala chali.

Tangu ofisi iliponiuzia gari, kwa ndani limependeza, utaona mwenyewe. Jiko la gesi lipo pale ulipokuwa unachemshia vyombo, tangi la maji lipo juu, na juani nimeweka paneli ya sola inayotosha taa mbili na redio. Vitanda ni viwili, kama tulivyokubaliana siku ya mwisho ya kazi. Changu kipo nyuma ya usukani, chako kipo dirishani, na katikati nimetundika pazia zito, ili hata wifi yako akija kukagua akose la kusema.

Uliniambia nitangulie nitafute mahali patulivu pa kulaza gari, nikipapata nikuandikie uje. Basi nimepapata. Ni kando ya bwawa, chini ya miti mirefu, barabara haionekani wala haisikiki. Tatizo lilikuwa asubuhi ya kwanza. Nafungua mlango nipige mswaki, nakuta foleni. Watu wameona jino lililochorwa ubavuni, wakadhani kliniki imerudi. Nikawaambia jamani mimi ni dereva tu, mashine zote zimeondolewa. Mama mmoja shavu limevimba akaniambia, "Baba, wewe angalia tu." Nikaangalia. Nilichokiona ni meno. Nikampakia nikampeleka hospitali ya wilaya, nikarudi jioni nikiwa nimechoka kama siku za kazi.

Simu nimeizima kama nilivyoapa. Ofisi ilinipigia hadi chooni kwa miaka yote ile, inatosha. Niandikie kupitia sanduku la kituo cha mafuta cha njia panda. Dada wa pampu ananitunzia barua kwenye droo ya kaunta. Sema tu ni lini, nikufuate.

Dereva


17 Machi

Dereva,

Salamu zimefika na nimefurahi uko salama. Sasa nisikilize. Usiniambie kwamba unaosha vikombe kwenye lile beseni la kutemea. Hukuandika, lakini nakujua. Nunua karai.

Kuhusu bwawa, asante, lakini hapana. Maji yaliyotuama ni mbu, na mbu ni homa, na mimi sikustaafu uuguzi ili nianze kukuuguza wewe bure. Tena miti mirefu huangusha matawi. Tafuta mahali pa juu kidogo, pakavu.

Halafu hilo jino. Mtu anayetafuta utulivu hazunguki nchi nzima na jino la futi sita ubavuni mwa gari. Kama kweli unataka upweke wako nunua kopo la rangi nyeupe ulifute. Kama hutaki kulifuta, basi sema tu kwamba unapenda kugongewa mlango, hakuna aibu.

Mimi bado nina shughuli hapa kwa mdogo wangu. Wifi ana mambo yake, watoto wana mitihani, na simu yangu imeharibika, kwa hiyo tuendelee na barua. Samahani kwa mwandiko, naandikia mapajani. Nipe kama mwezi hivi.

Sista


Kiwanda cha matofali cha zamani, 8 Aprili

Sista,

Karai nimenunua. Beseni lina historia ndefu, lakini nimekutii.

Hapa ni pakavu kweli. Palikuwa na kiwanda cha matofali, kikafa, wenyewe wakaondoka, ukabaki uwanja mpana wa udongo mgumu na bomba moja la moshi. Niliweka glasi ya maji juu ya trei kama tulivyokuwa tunafanya ili kiti chako kisiegemee upande, na maji hayakuinama hata kidogo mara ya kwanza. Sijawahi kupata ardhi iliyonyooka hivi tangu tuanze kazi, na mtu wa kumwambia sikuwa naye. Nikainywa ile glasi.

Nikuambie jambo na usinicheke. Unakumbuka kabla ya kuwasha injini nilikuwa nagonga ukuta wa nyuma mara mbili, nawe unagonga mara moja kuniambia makabati yamefungwa na hakuna kitakachoanguka? Bado nagonga. Mkono umezoea. Nagonga, nasubiri, halafu nakumbuka, nashuka kwenda kukagua makabati mwenyewe. Jana sikushuka, nikavunja vikombe viwili.

Huku watu ni wachache. Jino limeleta wawili tu, na mmoja wao hakuwa anaumwa, alitaka kujua kama nauza gari. Siku nzima inaweza kupita nisiseme neno. Jioni nikasikia naiambia sufuria, "Haya, mama, chemka basi." Ndipo nikajua nahitaji mtu.

Kitanda chako nimekiwekea godoro jipya. Kwa sasa kimebeba makreti ya maji, lakini hayo huondolewa kwa dakika moja. Mwezi uliousema unakaribia kwisha.

Dereva


28 Aprili

Dereva,

Matofali ni vumbi, na kifua changu unakijua. Uwanja mpana bila mti mmoja, saa nane mchana tutakuwa mkate ndani ya tanuri. Tena mahali palipokufa kiwanda pana visima visivyofunikwa. Hapana, baba, tafuta pengine.

Usinielewe vibaya. Barua zako nazisoma nikizimaliza nazianza upya. Ile ya sufuria nilimsomea jirani yangu mmoja hapa, akacheka mpaka akashika mbavu. Lakini wewe tafuta mahali pa maana, pasipo haraka. Umri wetu huu si wa kulaza gari popote.

Ngazi za nyuma bado ni zile tatu za chuma? Na ile ya kwanza bado iko juu vile, mpaka mtu anyanyue goti? Nauliza tu.

Nimechoka kidogo siku hizi, ndiyo maana barua ni fupi. Wifi anakusalimia. Anasema kama ni pazia, liwe zito kweli.

Sista


Bondeni, 2 Juni

Sista,

Nimechelewa kuandika kwa sababu nilisema sitaandika mpaka nipate mahali ambapo hata wewe huwezi kupatia kasoro. Nimepata.

Ni bonde dogo, juu kabisa, mwisho wa njia ya magari ya mbao. Hakuna mbu, kuna baridi ya kutosha blanketi moja. Hakuna vumbi, kuna majani mafupi kama yamekatwa kwa mkasi. Kijito kinapita hatua chache kutoka mlangoni, maji yake yanatembea, hayajatuama. Mti ni mmoja, mfupi, hauna tawi la kumwangukia mtu. Mwenye shamba ni mzee mstaarabu, ameniambia nikae hata mwaka, kisha akaondoka na sijamwona tena.

Na jino nimelifuta. Nilisimama na brashi mkononi karibu saa nzima kabla sijaanza, utadhani naambiwa nimzike mtu. Rangi haikulingana na ya gari, kwa hiyo sasa pana bato kubwa jeupe, lakini hakuna anayejua lilikuwa nini. Tangu siku hiyo hajanigongea mtu mlango.

Umeniuliza ngazi. Ni zile zile tatu za chuma, juu vile vile, na wewe ulikuwa unazipanda na trei mkononi bila kushika kitu, mimi nikishika roho. Sielewi kwa nini unauliza kitu unachokijua kuliko mimi.

Sista, tumefanya kazi pamoja muda mrefu na hatukuwahi kudanganyana. Bwawa lilikuwa na mbu, sawa. Kiwanda kilikuwa na vumbi, sawa. Lakini wahenga walisema akufukuzaye hakuambii toka. Kama na hapa utaona kasoro, nitajua kasoro siyo ya mahali. Nakaa hapa nasikiliza kijito mchana kutwa. Ni utulivu niliokuwa nautaka, na sijui niufanyie nini peke yangu.

Dereva


16 Juni

Dereva,

Mahali ulipopapata ni pazuri. Nimetafuta kasoro na sikuiona, ndiyo maana nimekaa muda bila kukujibu.

Siji. Usiniulize sababu, na usidhani umenikosea, hujanikosea hata mara moja. Kitanda cha dirishani kitoe, uweke rafu, utapata nafasi ya vitu vyako. Kaa bondeni kwako kwa amani, wewe umestahili kupumzika.

Usijibu barua hii.

Sista


7 Julai

Dereva,

Mgeni gani anafika mpaka mlangoni kwa mtu halafu anageuza?

Usikatae. Mtaa mzima ulikuona. Gari refu jeupe lenye bato ubavuni limesimama mbele ya geti la mdogo wangu, mchana kweupe, geti liko wazi, halafu linarudi nyuma, linagonga pipa la taka la jirani na kuondoka. Niliita. Mdogo wangu alikimbia mpaka barabarani na miwani ya kuchomelea ikiwa bado usoni, hakukupata.

Haya. Ulichokiona umekiona, sasa sina cha kuficha. Ni sukari. Nilikuwa nayo hata tulipokuwa kazini, nikawa najidunga ndani ya choo cha gari ili usianze kunionea huruma na kunibebea trei. Siku ulipoondoka kidole cha mguu kilikuwa tayari na kidonda. Nikajisemea kitapona, nitamfuata. Barua ya bwawa niliijibu nikiwa hospitali, ya matofali pia. Huyo jirani niliyemsomea ni mwenzangu wa kitanda cha pili. Kati ya zile barua mbili walinikata chini ya goti.

Ndiyo, mimi ni muuguzi, na ndiyo, ningemgombeza mgonjwa yeyote aliyefanya hivyo. Mficha maradhi kifo humuumbua, niliwaambia watu maneno hayo maisha yangu yote, na mimi nimeumbuliwa na mguu. Sikukwambia kwa sababu wewe ulinijua nikiruka zile ngazi. Niliona afadhali mbu, afadhali vumbi, afadhali uniite mwongo, kuliko uniangalie kama tulivyokuwa tunawaangalia wale walioletwa mgongoni. Nikadhani ukikasirika utanisahau mapema.

Mdogo wangu kila asubuhi ananiambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ni fundi mageti, kwake kila kitu kinaungika. Nilianza kumwamini. Nilikuwa nimeshajifunza kuvuka uwanja kwa magongo peke yangu. Kisha ukaja, ukaangalia, ukatia gia ya nyuma.

Sikukasirikii. Hapana, nakudanganya tena, nimekasirika sana. Nimelia na wifi amelia, na jirani anataka pipa lake.

Sista


Njia panda, 18 Julai

Sista,

Naandika hapa hapa kwenye kaunta ya kituo cha mafuta, nimesimama, maana nikisema nikaandikie garini sitaandika.

Kwanza niseme ukweli. Barua ya kuniambia huji niliisoma, nikawasha gari nikaja. Nilitaka niisikie kwa mdomo wako. Njia nzima nilikuwa nagombana nawe kwa sauti, na nilikuwa nashinda. Nikafika getini.

Sista, sikugeuza kwa sababu ya mguu. Naapa. Mguu niliuona mwisho, gari likiwa tayari linarudi nyuma, na nilipouona ndipo nikagonga lile pipa. Nilichokiona kwanza ni kicheko. Mdogo wako ameinamia chuma, wifi amebeba ndoo, watoto wanapita huku na huku, mashine inapiga kelele ya kupasua masikio, na wewe katikati ya wote, umeegemea kitu, kichwa nyuma, unacheka meno yote nje. Mimi nimekuendesha muda wote ule na sijawahi kukuona ukicheka hivyo. Kazini ulikuwa unatabasamu, tena kwa kipimo, ili mgonjwa asiogope.

Nikajiambia: mpumbavu we, huyu ana nyumba. Ana watu. Wewe umekuja kumtoa hapa umpeleke wapi? Kwenye bonde ambako wa kuzungumza naye ni sufuria tu? Nilikuwa nakuletea utulivu kama zawadi, na pale pale nikaona ni kitu ambacho hakuna mtu angekihitaji. Ndiyo maana nikageuza. Niliona aibu ya kuwa mtu wa kuhitaji.

Baadaye nilisimamisha gari mbele huko nikakaa kwenye kile kiti nikifikiria mguu wako. Hapo nililia. Nimekuwa nakudai sababu, nakutungia methali, na wewe uko wodini unaniandikia habari za mbu. Nisamehe kwa ile barua ya Juni. Nisamehe zaidi kwa maneno ya ngazi.

Unajua, Sista, kazi yetu ilikuwa kung'oa na kuondoka. Asubuhi tunafika, jioni tunafunga makabati, kesho mji mwingine. Sikuwahi kubaki mahali nikaona uvimbe wa mtu ukipungua. Mke wangu alipokuwa mgonjwa nilikuwa safarini, unajua. Mimi kukaa sikujui, na wewe sasa unahitaji mtu anayejua kukaa. Unao. Niliwaona.

Kwa hiyo nitarudi bondeni. Nitapita hapa mara moja tu mwisho wa mwezi kujaza mtungi wa gesi, kisha sitashuka tena mpaka mvua ziishe. Kitanda sijakitoa. Nilileta bisibisi, nikalegeza skrubu moja, nikairudisha. Pipa la jirani nitalilipa, mwambie.

Cheka hivyo hivyo, Sista. Kila siku.

Dereva


25 Julai

Dereva,

Barua hii namtumia dada wa pampu kwa mkono wa mtu wa lori la saruji, kwa sababu posta siiamini na mwezi unakwisha. Juzi nilimtangulizia na yeye kijikaratasi kwa lori hilo hilo. Nilimwomba asikuuzie gesi kabla hujaisoma mbele yake mpaka mwisho. Amejibu kwamba hata mafuta hatakuuzia.

Umeandika vizuri, umeniliza. Lakini umenipangia maisha yangu ukiwa kwenye usukani, kwa kutazama mara moja kupitia geti. Una hakika kwamba nina watu. Ninao, nawashukuru, wamenibeba pale ambapo sikuweza hata kugeuka kitandani. Lakini saa mbili asubuhi mdogo wangu anavaa miwani yake, wifi anakwenda sokoni, watoto shule, na mimi nabaki na redio na kelele ya mashine. Wakirudi wanazungumza nami kwa sauti ya chini, polepole, kama vile sukari imenikata na masikio. Hakuna hata mmoja anayenibishia. Unajua ni muda gani sijabishiwa na mtu? Wewe una bonde, mimi nina nyumba iliyojaa watu, na sote tunaongea na sufuria.

Sasa mambo ya kweli, ili usije ukasema nimekuvuta kwa machozi. Sitaweza kuishi bondeni. Nina kliniki kila wiki mbili, na kidonda bado kinafungwa. Zile ngazi siziwezi, na sitaki kubebwa. Wakinipa mguu wa bandia huenda mwakani nikazijaribu, na huenda nisiweze. Mimi si yule wa trei. Nina hasira asubuhi, na usiku mguu ambao haupo unaniwasha.

Mdogo wangu amehamisha mabati na mageti mabovu yote kutoka upande wa ukuta. Sikumwomba. Amepima kwa kamba akasema gari linaingia na mlango unafunguka. Pale si patulivu hata kidogo. Kuna kelele ya kukata chuma kuanzia asubuhi, kuna jirani wa pipa, kuna mbu, na vumbi lipo, na ardhi imeinama. Kasoro zote nilizokutajia zipo, na nyingine. Hujui kukaa, umesema. Mimi pia nilikuwa sijui, nimefundishwa kwa nguvu. Kama ukitaka bonde lako, lijaze hilo tangi uende, sitaandika tena na sitakulaumu.

Lakini usiende na uongo. Umekwenda na kile kicheko kichwani ukadhani ni furaha ya nyumba ile. Tangu wanikate sikuwa nimecheka, muulize wifi. Siku ile nilikuwa nimesimama na magongo yangu uwanjani, sina habari, mashine ikatulia kidogo, nikasikia gari linapanda mtaa kwa gia ya pili, na hakuna mtu mwingine duniani anayepanda kilima kidogo kama kile kwa gia ya pili. Nikamwambia wifi, "Huyo. Kaja." Ndipo nikacheka.

Sista